Wasifu wa Siti binti Saad na Majina Yaliyobaki Njiani



Vitabu vya marehemu Shaaban Robert havihitaji kutangazwa katika nyumba zetu za pwani. Wazee walivisoma, watoto wakavisoma shuleni, na hata asiyejua kusoma ameyasikia mashairi yake yakighaniwa. Lakini kati ya vitabu hivyo kimo kimoja chembamba ambacho watu hukisoma mara moja, wakakisifu, kisha wakakirudisha kabatini. Nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotoka kwanza mwaka 1958. Ni kitabu cha maisha ya mwimbaji, kilichoandikwa na mtu aliyeonana naye muda mfupi kabla hajafariki dunia mwezi wa Julai 1950.

Leo twataka kukifungua tena, na ubavuni mwake tuweke kitabu kingine cha mwandishi huyu huyu, Maisha Yangu, ambamo anasimulia habari zake mwenyewe. Tumeviweka pamoja kwa sababu vyote viwili vyaelekea swali moja: mtu aliyepotelewa na watu wake afanye nini na huzuni yake? Shaaban Robert alifiwa na mke, akatunga shairi. Siti alizaliwa katika jamaa ambayo njia ya misafara iliitenga na kwao, akaimba. Mwandishi alizijua habari zote mbili, lakini alizisimulia kwa namna mbili mbalimbali. Katika tofauti hiyo ndimo lilimo funzo tunalolitafuta.

Hapana shaka wako watakaouliza: habari za mwimbaji zatafuta nini katika kurasa hizi? Swali hilo ni la haki. Wanavyuoni wamehitilafiana tangu zamani juu ya ala za muziki, na hatukukusudia kuamua baina yao. Tunachokipima hapa ni kitabu, na kile ambacho kitabu hicho chatufundisha juu ya msiba, subira na nasaba. Mambo haya matatu hayana nyumba ya Kiislamu yasiyoihusu.

Huzuni haikukatazwa

Dini yetu haikumkataza mtu kuhuzunika. Sote twajua habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Alitokwa na machozi mbele ya watu, naye akafahamisha kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhi Mola. Hapo mpaka umewekwa. Machozi yameruhusiwa, kupiga mayowe, kuchana nguo na kumlaumu Mwenyezi Mungu kumekatazwa. Mtunzi aliyefiwa ana uwanja wake ndani ya mpaka huo, na uwanja wenyewe si mdogo.

Iko habari nyingine ambayo hatuisimulii mara nyingi, nayo yafaa sana hapa. Ni habari ya Zayd bin Haritha. Alikuwa mtoto, yu safarini na mama yake, wakashambuliwa, akatekwa, akauzwa. Baba yake Haritha hakujua kama mwanawe yu hai au amekufa. Vitabu vya sira vimepokea kwamba mzee huyo alimtungia mwanawe mashairi ya kumlilia, akawa anamuuliza kila mpita njia. Habari zikasafiri na mahujaji mpaka Makka, ndipo alipopatikana. Na baadaye, ilipoteremka hukumu katika Suratul Ahzab kwamba watu waitwe kwa baba zao, yule aliyekuwa akiitwa Zayd bin Muhammad akarudi kuitwa Zayd bin Haritha. Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, fikiri: mtoto aliyeuzwa sokoni, ambaye kwa desturi ya zama zile angelipoteza hata jina la mzazi wake, dini ilimrudishia baba.

Shika habari hizi mbili mkononi, ndugu msomaji, maana ndizo mizani yetu. Ya kwanza yatuuliza: je, ulimi umelindwa? Ya pili yatuuliza: je, aliyepotea ametajwa kwa jina, na kwa jina la baba yake?

Shairi la Amina

Tuanze na Maisha Yangu, kitabu kilichochapishwa mwaka 1949. Humo Shaaban Robert anatueleza ndoa yake na Amina, jinsi ilivyokuwa njema, na jinsi mauti yalivyoingia nyumbani yakamchukua. Kisha anafanya jambo ambalo waandishi wengi wa zama zake hawakulithubutu. Hapiti juu ya msiba kwa maneno mawili ya "Mungu alimpenda zaidi." Anasimama. Anaiacha nathari, anaingia katika shairi, na shairi lile analipa jina la mkewe.

Tulipime kwa mizani yetu. Ulimi umelindwa: mtunzi anakubali kadari, anamwombea mkewe, wala hamgombezi Mola wake. Na aliyepotea ametajwa: si "mke wangu" tu, bali Amina, kwa jina, akisemeshwa kama asemeshwavyo mtu aliyekaa karibu. Kwa hiyo shairi hili limesomwa na watu wasiohesabika ambao hawakumjua Amina, na kila alisomaye humwita kwa jina lake. Huo ni ukumbusho ambao jiwe la kaburini haliwezi kuutoa, maana jiwe hukaa mahali pamoja.

Tena angalia alichokifanya mwandishi baada ya kulia. Hakubaki kwenye kilio. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili, ili watoto wapate wasia wa mzazi utakaobaki hata kama mzazi mwenyewe hatabaki. Hivi ndivyo subira ilivyo kwa hakika. Wengi wetu twadhani subira ni kukaa kimya na kumeza machozi. Shaaban Robert atuonyesha subira yenye mikono: amefiwa, akaandika, ameachwa na watoto, akawaandikia.

Katika kitabu hicho hicho yumo msafiri pia. Kazi ya serikali ilimpeleka Mpwapwa, nchi kavu, mbali na bahari ya Tanga. Mpwapwa ile ilikuwa zamani kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora. Mwandishi aliipita njia ile katika zama za magari na treni, huku akionja dharau ya ubaguzi wa rangi iliyokuwa desturi ya watawala wa siku zile. Tunaitaja safari hiyo kwa sababu itatufaa: mtu huyu aliijua barabara ya bara kwa miguu yake na kwa moyo wake.

Binti wa Fumba

Sasa tumgeukie Siti. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saadi, alikuwa Mnyamwezi wa asili ya Tabora. Mama yake alikuwa Mzigua wa asili ya upande wa Tanga. Na wote wawili walizaliwa Unguja. Jina la kwanza alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa, kwa kuwa alizaliwa katika zama za utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Seyyid Barghash na Waingereza, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Mtoto huyo alizaliwa katikati ya tarehe hizo mbili: soko limefungwa, minyororo haijafunguliwa.

Hakusoma, maana watoto wa kike wa hali yake hawakupelekwa chuoni wala shuleni. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti alikuwa akivichukua vyungu kichwani akavitembeza, akivinadi kwa sauti. Watu wakaanza kuijua ile sauti kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini. Hapo akakutana na Ali Muhammed, mtu wa chama cha Nadi Ikhwan Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905, akamfundisha uimbaji na matamko ya Kiarabu. Kabla yake taarabu ya Unguja ilikuwa ni ya wanaume na ya Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili mbele ya mabwana na mbele ya makuli. Jina la Mtumwa likaondoka, likaja la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima. Mwezi wa Machi 1928 alikwenda Bombay na wenziwe kuimba katika sahani za santuri za His Master's Voice, na sauti yake ikauzwa pwani na bara.

Shaaban Robert anayasimulia maisha haya kwa lugha nzuri, na kila mara humrudisha msomaji kwenye adili: bidii hushinda unyonge, unyenyekevu hushinda fahari, kipaji ni amana. Ni mafunzo ya kweli, na mzazi yeyote angependa binti yake ayasome. Lakini mhakiki hawezi kuishia kwenye kusifu. Yampasa aulize pia kitabu kinanyamaza wapi.

Njia ya Tabora

Kinanyamaza kwenye neno moja: Mnyamwezi. Neno hilo lasemwa, kisha hadithi yaendelea mbele kama msafara usiotaka kuchelewa. Lakini sisi tusimame hapo, maana nyuma ya neno hilo ipo barabara nzima.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora, iliyoitwa zamani Kaze. Kufika hapo peke yake ilikuwa kazi ya miezi mitatu hivi. Kutoka Tabora njia iligawanyika: mkono mmoja ukaenda Ujiji katika ziwa Tanganyika na ng'ambo yake Manyema, na mkono mwingine ukapanda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Kwenda bara walichukua nguo za merikani na kaniki, shanga, nyuzi za shaba na bunduki. Kurudi pwani walichukua pembe za ndovu. Na pamoja na pembe, watu.

Wanyamwezi waliipita njia hii kwa namna mbili, na yatupasa tuzitenge. Wengi walikuwa waungwana walioajiriwa, wapagazi mashuhuri katika Afrika Mashariki yote. Kijana wa Unyamwezi aliona fahari kwenda pwani na kurudi na nguo za kuolea. Alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi, na mbele yake alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Burton, Mwingereza aliyefika Kaze mwezi wa Novemba 1857, aliandika habari za nyimbo za wapagazi. Hazikuwa mchezo. Mtu aliyebeba mzigo mzito jua la mchana huimba ili mguu upate pa kukanyaga.

Namna ya pili ni ya wale waliotekwa. Vita vilikuwa vingi: vita vya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871, na vita vingine vidogo ambavyo hata majina havina. Katika kila vita walipatikana mateka, na mateka aliishia sokoni. Tusijifiche katika jambo hili: wenye misafara wengi walikuwa Waislamu, tena wengine ni babu zetu. Dini waliyoifuata iliwaamuru kumwogopa Mwenyezi Mungu katika wanyonge, na kumwacha huru mtumwa ikaifanya kuwa ibada na kafara. Wengine walifuata, wengine walifuata faida.

Wenye misafara wametuachia kitabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, muda mfupi kabla ya kufa kwake mwaka 1905. Humo Tabora yatajwa tena na tena, maana baba yake alikuwa na makazi huko, tena alioa katika nyumba ya watemi wa Unyanyembe. Pembe zimehesabiwa humo kwa frasila. Lakini waliozibeba pembe hizo hawakutuachia kitabu. Wasifu wa Siti ni katika vitabu vichache mno vya Kiswahili vinavyomhusu mtu wa upande huo wa njia. Hiyo ndiyo thamani yake kubwa, na kwa sababu hiyo ukimya wake unauma.

Kitabu kinaponyamaza

Angalia tofauti, ndugu msomaji. Katika Maisha Yangu mwandishi amepoteza mtu mmoja, akasimamisha kitabu kizima apate kumlilia kwa jina. Katika Wasifu, mwimbaji amepotelewa na ukoo mzima: babu na bibi waliotoka Unyamwezi, wajomba waliobaki, lugha ya baba, makaburi ambayo hakuna ajuaye yaliko. Na msiba huo haukupata shairi. Haukupata hata sura moja.

Kwa nini? Twaweza kumtetea mwandishi. Katika zama zake, kumchimba mtu asili yake kulikuwa ni kumvunjia heshima. Siti alikuwa amefariki juzi tu, na watu wake wapo. Adabu ya pwani yapenda sitara. Na Shaaban Robert mwenyewe, ambaye wazee wake walikuwa Wayao, alipenda kujihesabu Mswahili na kumpima mtu kwa matendo yake, si kwa kabila lake. Huenda aliona kwamba kukaa sana juu ya Unyamwezi wa Siti ni kuwapa silaha wale waliomdharau.

Utetezi huu una nguvu, lakini hautoshi. Sitara ni ya kufunika aibu, na aibu ni ya aliyetenda. Mtu aliyetekwa njiani ana aibu gani? Mwenye aibu ni aliyemteka. Tunaponyamaza juu ya bibi aliyeletwa kutoka bara kana kwamba tunamsitiri, kwa kweli tunamsitiri aliyemleta. Hapo ukimya unageuka kuwa dhulma ya pili: ya kwanza ilimwondoa kwao, na ya pili yamwondoa katika ndimi za wajukuu wake.

Kaniki na jibu lake

Siti mwenyewe hakunyamaza. Alipopata sifa, wenye wivu walimtungia wimbo wa kumkejeli. Walimtajia sura yake, walimtajia kuja kwake mjini kutoka shamba, na kuvaa kwake kaniki. Msomaji wa leo aweza kudhani kaniki ni nguo tu. Haikuwa nguo tu. Ile nguo nyeusi rahisi ilikuwa vazi la watumwa na wa hali ya chini Unguja. Na kama tulivyoona, marobota ya kaniki ndiyo yaliyobebwa kichwani kupelekwa Tabora. Wapagazi waliipandisha bara. Mateka waliishuka njia ile ile. Kumtajia Siti kaniki kulikuwa kumtajia njia nzima iliyowaleta wazee wake.

Jibu alilolitoa katika wimbo wake ni mashuhuri mpaka leo. Hakukana asili yake, wala hakujitungia nasaba ya Kiarabu kama walivyofanya wengine. Kwa ufupi aliwaambia kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Tulipime jibu hili kwa mizani yetu. Ulimi umelindwa: ametukanwa, hakutukana. Na maana yake ni ile ile tuisomayo katika Suratul Hujurat, kwamba Mwenyezi Mungu amewajaalia watu kuwa mataifa na makabila wapate kujuana, na aliye bora ni mchaji zaidi. Waungwana wangapi waliisoma aya hiyo kila Ramadhani, kisha wakacheka wimbo wa kaniki? Binti asiyesoma aliwakumbusha maana yake.

Tena hakuimba maumivu yake tu. Uko wimbo wake uitwao Kijiti, uliotokana na mkasa wa kweli wa Unguja. Mgeni mwanamke aliyetoka Dar es Salaam aliuawa. Muuaji akakimbilia bara. Na kesi ikawaangukia wanawake waliokuwa na mgeni yule. Siti na wenziwe walikuwa na desturi ya kukutana jioni, habari za mji zikaletwa, nyimbo zikatungwa kwa shauri la wote. Mwanamke yule mgeni, aliyekufa mbali na kwao, angesahauliwa kama walivyosahauliwa wengi. Wimbo ukamshika. Twaona hapa kwamba mtu aliyezaliwa katika jamaa iliyokatwa alikuwa na jicho la kuwaona waliokatwa wengine. Kama Shaaban Robert aligeuza msiba wake kuwa wasia kwa watoto wake, Siti aliugeuza wake kuwa ushahidi kwa wasio na wa kuwashuhudia. Hiyo pia ni subira yenye mikono.

Na mimi naona jambo jingine ambalo kitabu hakikulisema. Mtoto yule wa Fumba, mzigo wa vyungu kichwani na wimbo mdomoni, alikuwa akifanya kile kile walichokifanya watu wa Unyamwezi kutoka Tabora mpaka pwani. Kama kwa kurithi, au kwa sababu mzigo humfundisha kila mtu somo moja, Mola ndiye ajuaye. Lakini mwandishi aliyekwenda Mpwapwa angaliweza kuiona picha hii, na laiti angalituandikia.

Sauti iliyorudi

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Misafara ikafa, mji haukufa. Waliokuwa wapagazi wakawa watu wa reli na wa soko. Tabora ikawa mji wa misikiti na shule, na baadaye mji wa muziki uliotoa bendi kama Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambazo nyimbo zake zilipigwa katika redio mpaka huku pwani.

Kabla ya bendi hizo, sahani za santuri za Siti zilikuwa zimekwisha kuenea Afrika Mashariki, bara kama pwani. Fikiri, ndugu msomaji: wazee wa Saadi walishuka njia ile bila jina lililoandikwa popote, na sauti ya mjukuu wao ikapanda kuelekea bara ikiwa na jina limechapwa juu ya sahani. Na jina lenyewe ni lipi? Mtumwa limekwisha ondoka. Siti ni jina la heshima alilolipata mjini. Lakini lililobaki palepale, mwanzo hata mwisho, ni binti Saad. Mabwana walimwita hivyo, wasanii walimwita hivyo, Shaaban Robert aliliweka kwenye jalada, na leo mtoto wa shule asiyejua Unyamwezi ni wapi hulitamka jina la yule Mnyamwezi wa Fumba bila kujua.

Amri ya kumwita mtu kwa baba yake imetimia hapo. Alichokiacha kitabu ndani ya kurasa zake, jina la mwimbaji limekibeba juu ya jalada.

Hukumu yetu, na kazi iliyobaki

Basi tusemeje juu ya vitabu hivi? Maisha Yangu ni kitabu cha mtu aliyethubutu kulia kwa haki. Kisomwe na kila aliyefiwa. Wasifu wa Siti binti Saad ni kitabu chema kilichoishia njiani. Kisomwe pia, hasa na mabinti, lakini msomaji asimame kwenye neno Mnyamwezi na kwenye neno Mzigua, ajiulize yaliyo nyuma yake. Kitabu hakipungui kwa kuulizwa hivyo. Chakula kizuri ndicho kinachokufanya uulize kilikopikwa.

Na swali hilo halimhusu Siti peke yake. Katika miji yetu, kutoka Lamu mpaka Kilwa, nyumba ni nyingi ambamo babu wa upande wa Hadhramaut au Oman anajulikana kwa majina saba, na bibi wa upande wa bara hajulikani hata kwa moja. Mtoto akiuliza huambiwa, "Alikuwa mtu wa nyumbani," au, "Hayo ya zamani, wacha." Kisha huja siku ya khitma. Juzuu zagawiwa, Yasini yasomwa, na majina ya marehemu yatajwa ili thawabu ziwafikie. Babu wa majina saba atajwa. Bibi aliyemzaa babu, aliyeletwa mtoto mdogo kutoka Tabora au Manyema, akasilimu, akafunga, akaswali, akalea kizazi chote hiki, hatajwi. Amekosa kwao duniani, na sasa wajukuu wake wanamnyima na dua kwa ajili ya haya.

Hili, ndugu msomaji, ndilo tulilotaka kulisema. Huna haja ya kuwa mtunzi kama Shaaban Robert, wala kuwa na sauti ya Siti. Kalamu na karatasi vyatosha. Mwendee mzee aliyebaki katika ukoo wako wakati akili yake ingali nzima. Muulize kwa upole, kwa heshima, bila watu wengi: bibi yule aliitwa nani? Alitoka wapi? Alikuwa akiimba nini alipokuwa akitwanga au akilaza watoto? Andika. Kama jina la Kiislamu ndilo lililobaki, andika hilo. Kama lipo la kwao, andika yote mawili. Na khitma ijayo, majina yatakaposomwa, na yeye asomwe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Shaaban Robert na Amina wake, amrehemu Siti na wazee wake, na awarehemu wote waliobaki baina ya Tabora na bahari ambao sisi hatuwajui majina, naye awajua mmoja mmoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.